Mwaka Ambao Vikombe Viligeukia Ukuta

Tulimzika Mama Nafula Jumamosi, nyuma ya nyumba yake pale Salgaa, mahali ambapo mtu akisimama kando ya kaburi anasikia malori yakibadilisha gia barabarani. Madereva walikuja wengi kuliko waumini wa kanisa lake. Waliegesha matrela kando ya barabara kuu hadi polisi wakaja kulalamika. Walipoambiwa ni matanga ya nani, wakavua kofia, nao wakabaki. Mimi nilikuwa nimepangiwa kuzungumza baada ya akina mama wa chama cha kuweka akiba, kwa sababu mwaka mmoja wa ujana wangu niliendesha naye hoteli ya madereva, na watu wa pale bado wananijua kama Ciru wa Mama Nafula. Nilikuwa nimekaa chini ya hema nikipanga maneno kichwani mtu aliponigusa bega. Alikuwa Kiplagat. Zamani alikuwa afisa wa biashara katika benki yetu ya Nakuru. Siku hizi ameachana na benki, anauza dawa za mifugo, amenenepa na ndevu zimeingia mvi. Alivuta kiti cha plastiki karibu na changu, akatazama mbele kama mtu anayesikiliza kwaya, akasema bila kunigeukia, "Ciru, ulishawahi kujua ni nani alifunga ile akaunti yenu?" Nikamwambia sikuwahi. Akasema, "Basi acha nikwambie kabla hujasimama pale."

Aliniambia kwa maneno machache, na nitayafikia. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiurudia mwaka ule tangu mwanzo wake, chumba hadi chumba, kama mtu anayetafuta ufunguo alioushika kwa mkono wake mwenyewe. Mambo niliyodhani nayajua nimeyakuta mahali pengine kabisa.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba nilipoingia ubia na Mama Nafula. Yeye alikuwa na hoteli na jina. Mimi nilikuwa na friji, jiko la gesi na akiba ndogo niliyoipata kwenye mashamba ya maua nilipokuwa nikiishi Kihoto kando ya ziwa, kabla maji hayajatuingilia nyumbani. Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu cha mabati, ndani kimepakwa rangi ya kijani kufika kiunoni na nyeupe kutoka hapo kwenda juu. Jikoni palitenganishwa na meza kwa bati moja tu, kwa hiyo aliyekuwa akikaanga vitunguu alisikia kila lililosemwa mezani, na aliyekuwa mezani alisikia kila lililosemwa jikoni. Tulipika matumbo, maharagwe, ugali na mboga za managu, na chapati ambazo Mama Nafula alizisukuma mwenyewe kwa sababu hakuamini mkono wa mtu mwingine kwenye unga. Kwenye ukuta wa kushoto tulipigilia misumari, na kila msumari ulining'iniza kikombe cha bati chenye doa la rangi. Doa jekundu lilikuwa la Simiyu, dereva wa Webuye. La njano lilikuwa la mzee mmoja wa Busia aliyekunywa chai bila sukari na kulalamika kwamba haina sukari. Dereva wa kudumu alikuwa na kikombe chake, na hakuna mwingine aliyekinywea.

Vikombe vile vilikuwa na kazi ya pili, na mgeni asingeijua. Madereva hawakupenda kusafiri na pesa. Barabara ilikuwa na watu wake, mpaka wa Malaba ulikuwa na watu wake, na nyumba za kulala wageni pale pale Salgaa zilikuwa na watu wake pia. Kwa hiyo dereva akishalipwa kule Mombasa au Nairobi, alipofika kwetu alikula, akanawa mikono, kisha akamwachia Mama Nafula sehemu ya pesa amtunzie hadi atakaporudi. Hakuomba faida, wala Mama Nafula hakudai chochote kwa kazi hiyo. Alichofanya ni kugeuza kikombe cha mtu huyo, mdomo ukaangalia ukuta. Siku dereva alipochukua chake, kikombe kiligeuzwa tena kikaangalia watu. Hivyo kila mmoja aliingia, akatazama ukuta kabla ya kutazama chakula, na akikuta kikombe chake jinsi alivyokiacha alikaa akala kwa amani. Niliuliza mwanzoni kama si afadhali kuandika. Mama Nafula akanijibu, "Ukiandika, kila mtu anajua ni ngapi. Kikombe kinasema tu kwamba iko."

Alikuwa mkarimu na mwenye shaka kwa kipimo kimoja. Angempa dereva aliyeishiwa chakula bila kumuuliza, halafu angenusa maziwa ya jirani aliyemletea kwa miaka mingi kana kwamba leo ndiyo siku ya kuwekewa maji. Alifunika sufuria ya nyama kwa jiwe na kulikumbuka jiwe lilivyolala. Kabla yangu alikuwa na mshirika mwingine, mwanamke wa kanisa lake, aliyeondoka asubuhi moja na sufuria, mtungi wa gesi na pesa za watu, na Mama Nafula alilipa kila dereva polepole hadi akamaliza. Jambo hilo nilisimuliwa na wengine. Yeye mwenyewe alisema mara moja tu, akichambua maharagwe, "Aliondoka akiwa ameniambia usiku mwema."

Kiplagat alitujia mapema mwaka huo, akiwa na shati la benki na mwavuli wa benki. Alikula matumbo sahani mbili, akalipa moja, akatuambia kwamba biashara kama yetu haifai kuweka pesa ndani ya kopo chini ya unga. Sijui nani alimwambia habari za kopo; nilishuku, na Mama Nafula alishuku zaidi, maana jioni hiyo alilihamisha. Lakini kijana alikuwa na maneno matamu. Madereva wangelipa kwa simu, kwenye namba ya biashara, na pesa ingeingia moja kwa moja kwenye akaunti yetu. Tungepata mkopo. Tungepata kitabu cha hundi. Alipouliza kama tunataka sahihi zote mbili ndipo pesa itoke, yeye mwenyewe alijijibu: "Mkiweka zote mbili, mmoja akienda town mwingine inabidi afunge hoteli. Wekeni yoyote kati yenu." Tukaweka yoyote kati yetu. Namkumbuka Mama Nafula akitia sahihi yake polepole, akainua kalamu, akanitazama, kisha akamalizia. Wakati ule nilidhani amesahau herufi.

Miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Madereva walituma pesa ya chakula na pesa ya kutunziwa kwenye namba ile ile, Mama Nafula akaendelea kugeuza vikombe, na mimi nilikwenda benki Nakuru kila ilipohitajika kumtolea dereva chake. Nilizoea foleni ile. Nilizoea kuambiwa system iko chini, nikae, na nikikaa niambiwe dirisha hili ni la wateja wa kawaida, la biashara ni lile ambalo halina mtu ndani. Makato tuliyaona yakija na majina tofauti kila mwezi. Nilipomuuliza Kiplagat juu ya moja, aliliangalia kwenye kioo cha kompyuta yake kwa muda mrefu, akasema, "Hiyo ni ya kutunza akaunti." Mama Nafula aliposikia alicheka hadi akakaa chini. "Sisi tunatunzia watu bure," akasema, "na yeye anatutoza kwa kututunzia ya watu."

Halafu ikafika Alhamisi moja ambayo sasa naona mambo yote yalianzia hapo, ingawa wakati ule haikuwa na sura yoyote. Dada yangu alinipigia simu nikiwa mezani napanguza. Alikuwa amepata chumba cha duka Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, na mwenye nyumba alitaka amana haraka. Nilikuwa na zamu yangu ya kupokea pesa za chama wikendi hiyo, pesa yangu mwenyewe, isiyohusiana na hoteli. Nikamwambia, "Mwambie asimpe mtu mwingine. Jumatatu natoa pesa yote, nakuja nayo." Upande wa pili wa bati, vitunguu vilikuwa vikikaangika. Nakumbuka sauti ya mwiko ikikoma kugonga sufuria. Nilidhani Mama Nafula ameondoka kuchukua chumvi.

Ijumaa Mama Nafula alisema anakwenda kliniki kwa ajili ya presha. Nilimwona akitoka amevaa viatu vya kanisani. Mimi huona vitu kama hivyo na siwezi kujizuia kuvitafutia sababu: kliniki yetu ilikuwa na matope tangu langoni, na hakuna aliyekwenda huko na viatu vyeusi vya ngozi. Alirudi saa za chakula cha mchana bila dawa. Nikamuuliza, "Wamesemaje?" Akasema, "Wamesema nipunguze chumvi." Niliweka moyoni kwamba amenidanganya. Nikaanza kufikiria mtu mmoja aliyekuwa amefungua hoteli mpya karibu na mizani ya malori, na kwamba huenda alikuwa akimshawishi Mama Nafula aingie naye ubia na kuniacha mimi na friji yangu.

Jumapili alichinja kuku. Hatukuwa na desturi hiyo. Jumapili tulikula yaliyobaki. Alimchemsha taratibu, akakaanga kidogo kwa nyanya, akasonga ugali wa wimbi, akaondoa kitambaa cha plastiki mezani na kutandika leso yake mwenyewe ya kujitanda. Hatukuwa na mteja. Tulikaa wawili tu, mlango ukiwa wazi, malori yakipita. Akanipakulia, na juu ya sahani yangu akaweka firigisi. Kwao firigisi ni ya mwenye nyumba, mwanaume. Nilijua hivyo kwa sababu madereva wa kwao walitaniana kila siku kuhusu nani ameila na nani amenyimwa. Nikamwambia, "Mama Nafula, hii si yangu." Akasema, "Humu ndani mwanaume yuko wapi? Kula." Kisha hakula yeye. Aliegemeza kidevu kwenye kiganja, akanitazama. Nikaikata firigisi katikati, nikaweka nusu kwenye sahani yake. Akaiangalia ile nusu kwa muda, akaanza kula. Akaniuliza habari za dada yangu, nikamweleza yote: chumba cha Kaptembwo, amana, zamu yangu ya chama. Alitikisa kichwa polepole, akanijazia mchuzi. Kwa miaka yote iliyofuata, watu waliponiuliza kama Mama Nafula alinipenda, nilisimulia mlo huo.

Jumatatu aliondoka alfajiri, akasema anakwenda kutafuta unga Nakuru. Alirudi mchana bila unga, uso umejikunja. Siku iliyofuata nilijaribu kumlipa muuza nyama kutoka kwenye akaunti, pesa ikakataa. Nikajaribu tena. Nikapiga simu benki, nikasikiliza muziki hadi salio likaisha. Mama Nafula alikuwa amesimama nyuma yangu. "Tutaenda pamoja," akasema kabla sijamwambia nini kimetokea.

Kiplagat alikuwa na meza ndogo yenye maua ya plastiki ndani ya kikombe cha benki. Alitukaribisha, akageuza kioo chake kidogo ili tusione. "Kuna alama imewekwa kwenye akaunti," akasema.

"Imewekwa na nani?" nikauliza.

"Imewekwa tu, madam. Iko kwa system."

"Hiyo system ina mikono?"

Alitabasamu kwa adabu. Akaeleza kwamba pesa inaweza kuingia kama kawaida ila haiwezi kutoka, kwamba ni kwa usalama wetu, kwamba tusubiri Nairobi. Nikamuuliza tutasubiri hadi lini. Akasema Nairobi hawapangiwi. Ndipo Mama Nafula, aliyekuwa akiangalia yale maua, akauliza kwa sauti ya chini, "Na kijana, yule aliyeifunga, akija akasema basi, nimeridhika, haiwezi kufunguliwa?"

Kiplagat naye akayaangalia maua. "Mathe," akasema, "kufunga ni hapa. Kufungua ni Nairobi."

Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba anataka kitu kidogo. Njiani nilimwambia Mama Nafula hivyo, naye akasema huenda. Nilimwambia pia kwamba huenda benki ilikuwa ikiifanyia biashara pesa yetu huku imetufungia, akasema huenda. Aliitikia kila shaka niliyotaja. Sikuwahi kumwona akikubali mambo upesi hivyo, na hilo nalo nililishuku.

Ukuta wa kushoto ndio uliotusemea ubaya. Vikombe vilivyogeuzwa vilibaki vimegeuzwa. Madereva waliingia, wakatazama ukuta, wakaridhika, wakala, kisha wakaomba chao, tukawaambia benki. Mara ya kwanza walielewa. Mara ya pili mmoja aliniangalia miguuni akasema, "Niaje Ciru, naona viatu vipya." Vilikuwa vya zamani, nilikuwa nimevipaka rangi. Mwingine akamwambia mwenzake kwa sauti ya kutusikilizisha, "Benki ni nzuri, boss. Inakula na haishibi, na sahani inabaki kwa mathe." Tukaanza kuwaomba walipe chakula kwa noti, wasitumie simu, maana kila chapati iliyolipiwa kwa simu ilizama kule kule, na hilo lilizidisha maneno, kwa sababu mtu anayekataa simu anaonekana kama mtu anayeficha. Mzee wa Busia alikuwa wa kwanza kukiondoa kikombe chake msumarini. Alikinywea chai yake, akakisuuza, akakitia ndani ya koti, akaondoka. Mama Nafula aliuangalia msumari mtupu siku nzima.

Halafu Simiyu akaja. Alikaa chini ya kikombe chake chenye doa jekundu bila kuagiza chochote. "Mathe," akasema, "mama mkwe ametuacha."

"Pole sana, baba. Lini?"

"Juzi. Yuko mochari Kakamega. Sasa mashemeji wanasema sikumaliza mahari. Wanasema mama yao hashuki kaburini hadi ng'ombe wafike. Mke wangu analia huko, mimi niko hapa." Akanyoosha kidole nyuma yake bila kugeuka. "Hao ng'ombe wako kwa hicho kikombe."

Dereva aliyekuwa meza ya pili akacheka kidogo. "Wewe nawe ulingoja mama wa watu afe ndiyo ukumbuke ng'ombe?"

"Nilikuwa nakusanya," Simiyu akajibu. "Na kila wiki mochari inaongeza yake. Wakiendelea hivi nitamlipia mama mkwe kodi kubwa kuliko mahari niliyomlipia binti yake."

Walicheka, naye akacheka, kisha akafunika uso kwa mikono. Mama Nafula alitoka jikoni na mwiko mkononi. Sijawahi kuona mtu akionekana mwenye hatia namna ile kwa kosa ambalo, kwa nilivyojua wakati ule, halikuwa lake. Nilifikiri, labda ameshirikiana na benki. Nilifikiri, labda ile Ijumaa ya viatu vya kanisani alikuwa akihamisha kitu. Kuanzia hapo nikawa nikimfuata kwa macho. Nilichungulia alipoongea na simu nje. Nilimwona akiongea na Kiplagat langoni, siku kijana alipopita akielekea Eldoret, wakiwa wameinamiana kama watu wa njama. Waliponiona, wakaanza kuongea juu ya mvua.

Benki ikatuandikia. Ilitaka kujua kwa nini hoteli ya chapati inapokea kutoka kwa dereva mmoja pesa ya chakula cha ukoo mzima, na ilitaka ushahidi kwamba pesa hizo zina wenyewe. Nilitumia jioni nzima kuandika maelezo. Mama Nafula alisikiliza nikimsomea, akasema ni mazuri, na asubuhi akaviangua vikombe vyote vilivyokuwa vimegeukia ukuta, akavitia kwenye gunia, akalibeba. Kwenye mlango wa benki askari alilifungua gunia akatazama ndani. "Mathe, hii unamuuzia nani?"

"Siuzi. Hawa ni wateja wenu."

Tulipelekwa kwa meneja, mwanamke mpole aliyevaa miwani. Mama Nafula alivipanga vikombe mezani pake kimoja kimoja, akitaja jina, lori na mji wa kila mwenye doa. Hakukosea hata kimoja. Meneja alimsikiliza hadi mwisho, na nadhani alimwamini. Kisha akasema, "Mama, nakuelewa kabisa. Lakini siwezi kupeleka vikombe Nairobi." Akaomba kila dereva aje mwenyewe na kitambulisho na barua ya mwajiri. Madereva wenyewe, wengine wakiwa Kigali, wengine Juba, wengine wasiotaka hata kidogo waajiri wao wajue kwamba wana akiba. Tulivirudisha vikombe gunia likiwa linalia kila hatua, na Kiplagat, kwenye meza yake ndogo, hakuinua macho.

Mama Nafula alikuwa na ng'ombe wa maziwa wawili, wasiotosheleza chai ya hoteli, na mtamba mmoja nyuma ya nyumba. Wiki hiyo alimpa Simiyu mtamba, akauza wale wawili kwa mfanyabiashara wa Rongai, na kwa pesa hizo akamkamilishia Simiyu wengine na kuwapunguzia madereva wenye shida kubwa. Nilimsihi asifanye hivyo. Nilimwambia hili ni kosa la benki, nao ndio watakaolipa. Alikuwa akimfunga mtamba kamba ili apandishwe kwenye pikapu ya muuza maziwa. "Ciru," akasema, "mama wa watu yuko kwa barafu. Wewe unaniambia habari za benki." Simiyu alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Mama mkwe alizikwa, mtamba akiwa amefungwa kwenye mti nje ya boma, na nasikia mashemeji walimsifu mtamba huyo kwa unene.

Akaunti ilifunguka asubuhi moja bila maelezo. Ujumbe uliingia kwenye simu yangu nikiwa navunja mayai: huduma zimerejeshwa, asante kwa uvumilivu wako. Tulimlipa kila mtu. Mama Nafula alisimama mbele ya ukuta akigeuza vikombe viangalie watu, lakini karibu nusu ya misumari ilikuwa mitupu, na wenye misumari hiyo hawakurudi. Walikuwa wamehamia kwa yule wa karibu na mizani. Mwishoni mwa mwaka tuligawana vyombo kwa amani. Nilichukua friji yangu nikaenda kufungua hoteli Kaptembwo karibu na duka la dada yangu, na sikumwambia kamwe kwamba nilikuwa nimemshuku. Tuliendelea kutembeleana. Kila nilipofika, alinipikia.

Sasa, chini ya hema, Kiplagat aliniambia. Ijumaa ile Mama Nafula alikuja benki akiwa na viatu vyeusi, akakaa mbele yake, akasema mshirika wake anataka kutoa pesa yote Jumatatu, amemsikia kwa masikio yake. Hakutaka kesi, hakutaka kelele. "Alisema, 'Nifungie hadi Jumatatu tu. Nataka kumwangalia uso.'" Kiplagat alimweleza kwamba benki ikiandika kuwa washirika wanagombana, wote wawili huitwa pamoja, na sababu husomwa mbele yao. Mama Nafula alikataa kata kata. "Usiniaibishe kwa msichana," akasema. "Kama nimekosea atajua nilimfikiria nini." Basi Kiplagat, ili kumsaidia, akachagua sababu nyingine kati ya zile alizopewa na system: miamala ya kutiliwa shaka. Alidhani ataiondoa Jumatatu kabla mtu yeyote hajaisoma. Kumbe ile ndiyo iliyokuwa ikisomwa Nairobi. Walipoisoma, wakachungulia ndani ya akaunti, wakaona pesa za madereva.

"Jumatatu alikuwa wa kwanza mlangoni," Kiplagat akasema. "Hata askari hajafungua. Akaniambia, 'Ifungue, nimemkosea mtoto wa watu.' Nikamwambia imeshakwenda. Alikaa kwenye kile kiti, Ciru, hadi nikamletea maji."

Nikamuuliza alijuaje kwamba amenikosea. Nilitegemea aseme ni kwa sababu nilimweleza habari za dada yangu na chama.

"Hapana. Alisema hayo ya dada hata mwizi angeyasema. Alisema alikupa firigisi na wewe ukaikata, ukampa nusu. Akasema mtu anayetaka kukimbia na chako hakugawii firigisi. Alisema hivyo mara mbili, ndiyo maana nakumbuka."

Kwaya ilikuwa imemaliza. Mshereheshaji aliita jina langu, nikaenda mbele. Simiyu alikuwa mstari wa kwanza, mke wake kando yake, na nyuma yao madereva ambao sikuwajua, vijana, na baadhi ya wale wa zamani walioondoa vikombe vyao na bado wakaja. Nafula, binti yake, alikuwa ameshikilia picha ya mama yake magotini, akinitazama. Nilikuwa nimepanga kusimulia mlo wa Jumapili, na nikausimulia. Nilieleza kuku, ugali wa wimbi, leso mezani, na firigisi aliyoninyooshea mimi niliyekuwa si mwanaume wala si wa kwao. Nilisema nilimkatia nusu. Watu waliguna kwa kuridhika, mzee mmoja akasema, "Naam, hiyo ni heshima." Sikusema zaidi. Nilirudi nikakaa, na Kiplagat akanipigia makofi polepole na macho yamelowa.

Sikumwambia, na sijamwambia mtu hadi leo, kwamba tangu utotoni sipendi firigisi. Hunishinda kutafuna. Siku ile nilikata nusu nikampa ili nisiilazimishe yote.